Barua kwa mwanangu aliye Houston: walisema punguzeni, hawakusema mzime

Mama, meseji yako nimeisoma nikairudia. Eti kampuni ya umeme imewaomba mpunguze matumizi jioni kwa ajili ya joto, na wewe umezima AC kabisa unalala na feni, alafu unaniandikia kwa furaha kama vile umefaulu mtihani. Hivi nani kakwambia uzime? Walisema punguzeni. Mtu anayekaa ghorofa ya juu kabisa, paa limechomwa na jua kutwa nzima, anazima AC kwenye nyuzi joto 38, peke yake, mlango umefungwa kwa komeo na mnyororo. Ukizidiwa humo ndani nani atajua? Hilo ndilo swali langu na hujalijibu.

Najua sababu ya kuzima. Sio kampuni ya umeme, ni bili. Na najua hela ya bili unataka iende wapi, kwa sababu ni mimi niliyetaja bati za nyumba tunayojenga mwezi wa nne. Bati zitasubiri. Kuta zimesimama vizuri tu, nimezifunika juu na maturubai, mvua kubwa zimepita salama. Sijakuomba uzinunue kwa kulala kwenye oveni.

Feni nayo nikueleze kama fundi, maana ulikuwa unanishikia tochi lakini kumbe ulikuwa husikilizi. Feni haishushi joto la chumba, inasukuma hewa tu. Kinachokupoza ni jasho likikauka. Hewa ikishakuwa ya moto kuliko ngozi yako, kuanzia nyuzi 35 kwenda juu hivi, unajipulizia moto, na Houston ina unyevu kama Tanga kwa hiyo hata jasho lenyewe halikauki. Kama ni lazima utumie feni basi jimwagie maji kwanza, au jifunike kitenge kilicholowa. Ila ndani kukiwa kumechemka toka, nenda maktaba, nenda dukani ukazunguke bila kununua kitu, hakuna atakayekuuliza.

Na sio kwamba nakwambia ufuje umeme. Gridi ya Texas, yaani mtandao wao wa umeme, kwa sehemu kubwa imejitenga na ya majimbo mengine, wakipungukiwa hawana pa kuazima kingi. Umeme unaozalishwa na unaotumika lazima vilingane muda wote, matumizi yakizidi, frikwensi inashuka, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, huku kwetu ni 50 huko ni 60, na ikishuka sana inabidi wakate maeneo kwa zamu ili gridi nzima isianguke. Jioni ndio pabaya: watu wanarudi kazini wote wanawasha AC kwa pamoja, na muda huohuo jua linazama na umeme wa sola unapungua. Kwa hiyo kuanzia saa 10 jioni mpaka saa 2 usiku AC yako iweke 78 za kwao, ni kama 26 zetu, hutakufa kwa 26. Asubuhi na mapema ipozee nyumba kwanza. Pazia la dirisha la magharibi lifunge kabla jua halijafika. Oveni usiguse, pika usiku au kula mkate. Ile mashine ya kukaushia nguo unayoisifia ndiyo mlaji mkubwa, tundika nguo kwenye kiti zitakauka, umekulia nyumba yenye kamba. Vyombo na nguo osha baada ya saa 3 usiku. Hapo umewasaidia wenzio kuliko kuzima AC, na uko hai.

Jambo la ekstenshen. Kwenye ile video nimeona AC yako ya dirishani imechomekwa kwenye ekstenshen nyeupe nyembamba imepita chini ya kapeti. Itoe leo. AC inachomekwa ukutani moja kwa moja. Huko volti ni 120, nusu ya zetu, maana yake kwa kazi ileile mkondo unaopita ni mara mbili, waya mwembamba unachemka na kapeti linauzuia kupoa. Nimefungua soketi za namna hiyo nyingi kwenye saluni za hapa mjini, plastiki imekuwa ya kahawia, tundu limelegea, plagi ukiigusa inaunguza, na mwenye nyumba anakwambia mbona ilikuwa inafanya kazi. Shika plagi yako baada ya nusu saa. Ikiwa ya moto zima, mwite mwenye jengo, usimkubalie akuletee kishoka, fundi wa mtaani asiye na leseni.

Sasa turudi kwenye mlango. Uliniambia chini yako kuna bibi mwenye paka na kwamba siku hizi humsikii. Humsikii alafu? Umegonga? Wewe kutwa kazini unawapima wazee wa watu presha na kuwanywesha maji, mshahara wako ni huo, najivunia na nawasimulia watu hapa Kiboriloni, Moshi, mpaka wananichoka, lakini wa kwenye ngazi yako mwenyewe unampita. Chicago mwaka 1995, mwezi wa saba, joto la siku chache liliua watu zaidi ya 700. Wengi wazee, wanaishi peke yao, madirisha wameyafunga kwa kuogopa wezi. Umeme kwa wengine ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kugonga. Sisi huku tuna mjumbe wa nyumba kumi, ni mmbea hakuna mfano, lakini usipofungua mlango mpaka saa 4 asubuhi anakuja kuuliza kulikoni. Huko mmbea wenu nani?

Gonga kwa huyo bibi asubuhi ukitoka na jioni ukirudi. Muulize amekunywa maji, AC yake inapoza au inapiga kelele tu. Akiongea vitu visivyoeleweka, mwili unawaka, anayumba, usisubiri uone kama atapata nafuu, piga 911, mmwagie maji, barafu shingoni na kwapani, na kama hajitambui usimpe kitu mdomoni. Haya unayajua kunishinda. Nayaandika ili na wewe umpe mtu akufanyie hivyohivyo. Mpe yeye namba yako, mpe na yule binti wa Marangu mnayesali naye funguo ya akiba. Jumuiya umeacha kwenda, mama yako ameambiwa na watu, usidhani hatujui.

Na umeme ukikatika wote? Julai 2024 kilipopita kimbunga Beryl, wateja zaidi ya milioni 2 wa hapo Houston na jirani zake walikosa umeme, wengine zaidi ya wiki, kwenye joto hilohilo, na kuna waliokufa kwa joto ndani ya nyumba zao. Wewe ulikuwa hujaenda. Weka maji, chaji simu na pawabenki kabla ya jioni, ganda chupa za maji kwenye friza. Asije jirani akawasha jenereta kwenye korido au jiko la mkaa ndani. Kwenye ile baridi ya Februari 2021 Texas hiyohiyo walikufa watu zaidi ya 200, na wengine waliuawa na hewa ya sumu inayotoka kwenye vitu kama hivyo, kaboni monoksidi, haina harufu.

Huku ni baridi, tunavaa masweta ya mtumba ya soko la Memorial mawili mawili, mlima haujatoka mawinguni na mama yako anagombania blanketi na mimi. LUKU inalia kila mara kwa sababu ya kaka yako na hita ya kuogea, anaoga kama anachemshwa. Kikao cha mtaa kimeamua kila nyumba iwashe taa moja ya getini usiku, wezi wa nyaya wamerudi, na vijana wa ulinzi shirikishi tumewaongezea posho. Nimetoa ile balbu ya wati 100 nimeweka ya LED wati 9. Kwa masaa 12 ile ilikuwa inakula uniti 1.2, hii hata 0.11 haifiki. Jirani yetu wa juu bado ana ya wati 100 na ndiye anayelalamika kikaoni kuliko wote.

Saa 12 jioni ya kwenu huku ni saa 8 usiku. Nitakuwa macho, ni choo tu mambo ya uzee, kwa hiyo piga, usiseme uliogopa kuniamsha. Unipe habari ya plagi na ya huyo bibi, mengine mwambie mama yako. Shangazi yako anakuja Jumapili kuulizia ile simu uliyomwahidi, na mimi sijui nimjibu nini, nimwambie imekwama bandarini?

Baba yako.