Bei ya menyu na bili ya mwisho

Mhariri,

Wengi wanaosherehekea kumbukumbu ya ndoa au mahafali katika migahawa ya hadhi ya juu jijini Dar es Salaam hushtuka bili inapoletwa. Chanzo ni maandishi madogo chini ya menyu: bei hazijumuishi VAT (kodi ya ongezeko la thamani) wala ada ya huduma. Chakula cha Sh150,000 kikiongezwa ada ya asilimia 10 kinafika Sh165,000; VAT ya asilimia 18 ikitozwa juu ya hapo, mnalipa Sh194,700. Bakshishi bado. Wenye migahawa, tunawaomba mwandike bei kamili.

Mnapoweka nafasi, ulizeni pia kuhusu keki ya kuja nayo, kwani wapo wanaotoza kuikata na kuigawa, na wapo wanaoikataa kabisa. Samaki mzima apimwe mbele yenu kabla ya kupelekwa jikoni, maana bei yake mara nyingi ni ya kilo, si ya sahani. Chupa ya maji mliyoikuta mezani nayo huenda inalipiwa.

Baada ya kulipa, daini risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Karatasi ya bili si risiti ya kodi.

Msomaji,
Dar es Salaam