"Mmenipiga": kuhusu bei zetu za pwani ya Oman

Wiki hii sisi wakala wa safari tumeletewa tena picha ya skrini. Dada mmoja ameona chumba mjini Sur kwa 25, kwenye karatasi yetu kimeandikwa 74, akatutumia neno moja tu: "Mmenipiga."

Dada yetu, hiyo 25 ni riali. Riali moja ya Oman ni dola 2.60, kwa hiyo hapo tayari ni dola 65. Juu yake kuna VAT ya 5%, kodi ya utalii na ya manispaa, ambazo mitandao mingi haikuonyeshi mpaka ufike kwenye kulipa. Sisi tunaziandika zikiwa ndani, ndiyo maana ni dola 74. Faida yetu haijifichi kwenye chumba. Ada ya huduma ina mstari wake chini ya karatasi, na hiyo, tusidanganyane, haipungui. Na ukiona 1.500 usishtuke: riali ina baisa 1,000, kwa hiyo hiyo ni riali moja na nusu. Kuna mzee tuliyempeleka aliyeiacha biriani mezani akidhani anadaiwa elfu moja na mia tano.

Kilio kikubwa zaidi ni gari. "Si kuna mabasi?" Yapo. Mwasalat, kampuni ya mabasi ya Oman, inakwenda Sur, inakwenda hata Salalah, kilomita kama 1,000 kutoka Muscat. Lakini basi linakushusha mjini, na ulivyovifuata viko njiani: shimo la Bimmah, fukwe za Fins, bonde la Wadi Shab pale Tiwi. Bodaboda ya kukumalizia safari hakuna. Sasa piga hesabu ya teksi inayokusubiri Wadi Shab wakati wewe unavushwa kwa boti, unatembea juu ya mawe, unaogelea hadi pangoni, kisha unarudi njia ileile. Pesa hiyo ingekodi gari dogo na chenji ikabaki.

Vijana wawili waliwahi kutukatalia gari kwa sababu binamu yao anakaa Seeb, pembezoni mwa Muscat. "Tuna mwenyeji." Mwenyeji yule anaingia kazini asubuhi, anatoka jioni. Muscat nayo si Mji Mkongwe wa kuzunguka kwa miguu. Imejinyoosha kati ya milima na bahari, na kutoka Seeb hadi Muttrah, penye soko la zamani, ni zaidi ya kilomita 30. Wakawa wanalipa teksi kwenda na kurudi, mwisho wakatupigia tuwatafutie gari, sikukuu zimeshaingia na bei imepanda. Sur hawakuiona.

Gari lenyewe liwe dogo. Muscat hadi Sur ni lami safi, kilomita kama 200. Land Cruiser ni ya mchanga wa jangwa la Wahiba, na anayeitaka kwa ajili ya picha tu huwa tunamwambia abaki na hela yake (wakala anayekuuzia hilo kwa safari ya pwani, yeye ndiye muulize maswali). Petroli ni karibu baisa 230 kwa lita, mkiwa wanne haiumi. Kinachoumiza ni amana. Makampuni mengi yanataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe. Tulikuwa na mteja aliyefika kaunta na fedha taslimu mkononi na leseni ya kimataifa, akaondoka kwa teksi. Sisi tunaikagua kadi kabla ya kukata vocha, na kila mteja tunamwagiza apige picha mikwaruzo yote ya gari kabla hajawasha injini.

Julai vyumba vya Muscat ni rahisi kwa sababu joto linapita nyuzi 40 na hakuna anayetaka kutoka nje. Salalah ni kinyume: khareef, mvua zake nyepesi za kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, huvuta watu wa Ghuba nzima na bei hupaa. Kwa pwani hii, njoo Novemba, joto limepungua.

Kasa wanaotaga ufukweni Ras al-Jinz, upande wa Sur, tunawakatia nafasi hata kabla ya chumba, maana ziara ya usiku ina mwongozaji na watu wana idadi yao. Mteja mmoja aliufuta mstari wa ziara hiyo kwenye karatasi, akisema atalipia getini. Getini akaambiwa pamejaa, akarudi Sur gizani.

Mstari huo sasa haufutiki.