Wanaochangia wapewe nini?

Ndugu wanakikundi, habari zenu. Nimesoma hoja zote kuhusu swali hili: je, wanaochangia pesa za kuendesha kikundi chetu hiki cha mtandaoni wapewe kitu cha ziada kuliko wasiolipa? Maoni yangu ni haya, na mjadala bado uko wazi.

Kuhifadhi rekodi na mafaili yetu kunagharimu, na wachache ndio wanaobeba mzigo. Kuwashukuru ni haki. Telegram walipoanzisha huduma ya kulipia mwaka 2022, aliyelipa aliweza kutuma faili la hadi GB 4, asiyelipa akabaki na GB 2 zake zilezile. Hakunyang'anywa kitu. Kwa mtindo huo, alama kando ya jina au nafasi zaidi ya kuhifadhi, naunga mkono.

Ninachokataa kabisa ni kuuza majibu. Mgeni akiuliza swali usiku amekwama, na anayejua yupo, asiambiwe alipie kwanza! Tena wengi wanaojibu humu hawajawahi kutoa hata senti. Muda wao nao ni mchango, na mkubwa. Wikipedia inategemea michango, lakini aliyechangia hapati sauti zaidi kwenye kuhariri. Kura zetu pia zibaki hivyo.

Andikeni maoni hapahapa kabla ya Ijumaa. Asiyependa kusema mbele ya wote anifuate inboksi.