Mpimeni mfanyakazi, si mlango wa kiwanda

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu upimaji wa kelele viwandani. Nimekula chumvi ya kiwanda cha misumari hapa Mombasa kwa miaka 22, na yaliyonifika masikioni yanatosha kunipa haki ya kulisema.

Kwa asiyejua: mashine ya misumari humeza waya wa chuma, huukata, kisha huponda kichwa cha msumari, na huo mpondo haupumziki. Zetu zilikuwa nane chini ya paa moja la mabati. Tulizungumza kwa mikono. Kidole kikipita kooni, zima mashine. Ngumi juu ya kiganja, mwite fundi. Mgeni akiingia alidhani tu mabubu.

Siku moja akaja mtu wa kupima kelele. Ilikuwa saa nne kasorobo asubuhi, na mashine tatu zilikuwa zimezimwa, mafundi wanabadilisha kalibu. Akasimama mlangoni, akanyoosha mkono wenye kipima sauti, akangoja kama dakika tano, akaandika 86, yaani desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, akaelekea ofisini kunywa chai. Mwaka mzima uliofuata sisi tulikuwa watu wa 86, na kwenye makaratasi mambo yalikuwa shwari.

Kanuni za kuzuia kelele kazini zilizotolewa nchini Kenya mwaka 2005 zinasema mfanyakazi asikae kwenye kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika siku. Ikivuka 85, mwenye kiwanda anapaswa kuwa na mpango wa kuipunguza na wa kulinda masikio ya watu. Kwa hiyo 86 ni namba tamu sana kwa bosi: inamgusa kidogo, haimuumi.

Sasa desibeli si kama kilo za sukari. Weka mashine ya 90 kando ya nyingine ya 90, hupati 180, unapata 93. Kila 3 zinazoongezeka, nguvu ya sauti imekuwa maradufu. Ndiyo maana mtu akikosea kwa desibeli chache anadhani amekosea kidogo, kumbe amekosea sana. Na ndiyo maana dakika tano za mlangoni haziwezi kusema lolote juu ya mtu anayeinama kwenye mashine tangu alfajiri. Sikio halihesabu kelele ya saa nne kasorobo. Linajumlisha siku nzima.

Miaka kadhaa baadaye alikuja binti mmoja, kijana kabisa, na vifaa vya namna nyingine. Alikuwa na vidude vidogo mfano wa kiberiti. Kwanza alikichomeka kila kimoja kwenye kifaa kinachotoa mlio wa desibeli 94, kuhakikisha hakidanganyi, na jioni akarudia vilevile. Kisha akanibandika changu begani, karibu na sikio.

"Mzee, usikivue hata ukienda chooni," akaniambia. "Nataka siku yako yote, pamoja na chai."

Sitaficha, baadhi yetu tulifanya mzaha. Mwenzangu mmoja alikipigia kidude chake mluzi kila alipopita karibu na kompresa. Yule binti aliuona mluzi wake baadaye kwenye skrini, kilima kimoja hapa na kingine pale, akaitupa ile rekodi na kumrudia kesho yake. Hapo nikamheshimu.

Changu kilisoma 96. Tena akanieleza kuwa zamu yetu ilikuwa ya saa 12, na ukiigeuza ilingane na kipimo cha saa 8 unaongeza karibu 2 juu yake. Kutoka 86 hadi 96 nguvu ya sauti ni mara kumi. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, inashauri mtu aliye kwenye 97 asizidishe nusu saa kwa siku. Sisi kwenye 96 tulikaa kutoka giza hadi giza.

Ripoti ikaenda ofisini, na hatukuiona tena. Kilichokuja ni katoni la vizibo vya sponji, bila maelezo. Kizibo hicho kinasokotwa vidoleni kiwe chembamba, sikio linavutwa juu na nyuma kwa mkono wa pili, kinaingizwa, kinashikiliwa hadi kifutuke. Wengi wetu tulikichomeka nusu, kama kizibo cha chupa ya soda iliyokwisha gesi. Hakikuzuia kitu.

Kelele haikuzibi masikio kwa mara moja. Huanza kula sauti nyembamba, hasa zile za kama hezi 4,000, yaani mitetemo 4,000 kwa sekunde, na ndimo zinamokaa herufi kama s, f na t. Sauti nzito zinabaki, kwa hiyo unaapa kwamba unasikia. Mjukuu wangu akisema taa, saa, paa, kaa, kwangu yote ni "aa". Ananionyesha kwa kidole. Tumerudi kwenye lugha ya kiwandani, mimi naye. Usiku nyenje hulia masikioni mwangu, na nyumba nzima hakuna anayewasikia ila mimi.

Ninachotaka si kikubwa. Kanuni zinataka kelele ipimwe angalau mara moja kila miezi 12. Vyema, ila ipimwe mwilini mwa mtu, zamu nzima, mashine zote zikifanya kazi. Anayelipa mpimaji ni mwenye kiwanda, na anayelipa ndiye anayechagua siku, kwa hiyo idara ya usalama na afya kazini, DOSHS, iwe ikitokea bila hodi. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inadai kamati ya usalama na afya penye wafanyakazi 20 na zaidi. Kamati hiyo ipewe nakala, na kila aliyebandikwa kidude aambiwe namba yake kabla ya kwenda nyumbani. Kuhusu wapiga mabati wa Kamukunji, Nairobi, na mafundi wa jua kali kwa jumla, ambao hakuna anayewapima mlangoni wala begani, hiyo inahitaji barua yake.

Vijana huniambia siku hizi kuna programu za simu. Ni kweli, NIOSH wenyewe wametoa moja bila malipo, lakini ni ya iPhone, na mimi sikuwahi kumwona mpiga misumari mwenye iPhone. Hata hivyo simu yoyote ni afadhali kuliko kukisia, mradi usidhani itasimama mahakamani.

Namba yangu ninayo. Niliinakili kwa kalamu nyuma ya kadi yangu ya kazi kabla yule binti hajafunga begi lake: 96, zamu ya mchana, mashine ya tano. Wenzangu saba waliopimwa siku ile hawakuwa na kalamu.

Mstaafu wa kiwandani,
Changamwe, Mombasa