Barua ya Wazi kwa Wanangu Mlioacha Unga

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliokwishavuka arosto, yale mateso ya mwili unapokosa unga: mliotoka juzi soba, nyumba za kuachia unga, na mnaodamka alfajiri kuwahi dirisha la methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, pale Temeke, Mwananyamala na Muhimbili, hapa Dar es Salaam. Walioko bado maskani, kwenye vijiwe vya unga, nitawaandikia siku nyingine, na wazazi wenu nao nina maneno nao. Kazi yangu ilikuwa uuguzi wa wagonjwa wa akili hadi nilipostaafu, na kuna jambo ambalo naona mnaachwa mlikute wenyewe njiani.

Mmeaminishwa kwamba mlima ni arosto. Ni mkali kweli. Huanza saa chache baada ya kete ya mwisho, siku ya pili na ya tatu ndiyo moto wenyewe, na wiki ikipita kuhara kunakata, makamasi yanakauka, mifupa inaacha kuuma. Nyumbani wanachinja kuku, wanasema mtoto amepona. Lakini kinachofuata hakina kutapika wala kutetemeka, na ndicho kinachowarudisha wengi maskani. Kinakuja kwa sura mbili: furaha inakawia kurudi, na hofu za zamani zinarudi zote kwa mpigo.

Ubongo una vituliza maumivu vyake wenyewe, vinaitwa endofini, na una mahali maalumu pa kuvipokea. Heroini, yaani unga wenyewe, ikifika humo inageuka mofini, inakaa mahali hapohapo kwa nguvu ambayo ubongo hauwezi kuitengeneza. Inazima maumivu ya mwili na ya moyo pia. Dopamini nayo, ile kemikali inayouambia ubongo "hili ni la maana, lirudie", inafurika. Mambo yakienda hivyo mwaka baada ya mwaka, ubongo unajihami kwa kupunguza usikivu wake. Ndiyo maana kete iliyokutosha mwanzo ikaja kuwa ya kuondoa arosto tu. Sasa umeacha, lakini usikivu ule haurudi siku ileile. Unakula pilau ya Idi haina ladha. Timu yako inafunga, wenzako wanaruka, wewe umekaa. Mwanao anakukimbilia mlangoni na husikii kitu kifuani, unaanza kujiuliza kama wewe bado ni mtu. Ni mtu. Hiyo ni hatua ya kupona, inachukua miezi, kwa wengine mwaka na zaidi, na nasikitika kwamba wengi wanarudi kwenye unga katikati yake wakidhani ndivyo watakavyoishi milele.

La pili ni zito zaidi. Nilimwona kijana mmoja kwenye foleni ya dawa. Alikuwa ameshakunywa, muuguzi amemwambia aseme neno ili ahakikishe amemeza, akajibu vizuri na tabasamu. Bodaboda ikapita barabarani, ekzosi ikapiga kishindo. Nilipogeuka yule kijana alikuwa chini ya benchi, mikono kichwani, jasho linamtoka, na wenzake wanacheka. Huyo aliwahi kukamatwa akiwa na vioo vya gari vya wizi, wananchi wakampiga mawe na tairi limeshaletwa. Miaka yote ya unga hakushtuka hata mara moja. Alipoacha, kila kishindo kikawa kile cha siku ile.

Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala. Kazi yake ni kunusa hatari na kuuamsha mwili kabla hujafikiri. Mtu aliyepigwa karibu ya kufa, aliyebakwa, aliyekulia nyumba ya vipigo, amigdala yake hubaki macho hata hatari ikiwa imekwisha. Wa kuituliza ni sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, na hiyo hukamilika kukua mtu akikaribia miaka 25. Wengi wenu mlianza mkiwa na miaka 15 au 16. Unga ulikuwa ganzi. Daktari wa meno akikuchoma ganzi husikii kitu, ikiisha jino linauma, na jino lile halikuharibika leo.

Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walichapisha utafiti wao wa San Diego, Marekani, wakiwa wamewauliza watu zaidi ya 9,000 yaliyowapata utotoni: kupigwa, kunajisiwa, kumwona mama akipigwa, mzazi mlevi au aliyefungwa. Waliopitia aina nne na zaidi walikuwa na hatari mara 4 hadi 12 ya kuangukia ulevi, dawa za kulevya, sonona au kujaribu kujiua. Kwa hiyo anayewaambia mlianza kwa ukosefu wa adabu tu, hajawauliza mlitokea wapi. Na nyumba ya soba inayotumia viboko na minyororo, naisema wazi, inaongeza jeraha juu ya jeraha. Ukiwa humo, mwambie ndugu yako akutoe.

Mfanye nini? Mwambieni mshauri wa kliniki habari za ndoto, hasira na kushtuka, msiishie kumwambia "dozi hainitoshi". Huenda dozi inatosha, ni kiwewe kinachoongea, yaani jeraha la hofu ya zamani, na kina tiba yake ya mazungumzo. Mabinti, najua foleni imejaa wanaume, na wengine ndio hao waliowaumiza. Ombeni mshauri mwanamke, na msione haya kuomba mara ya pili.

Methadoni usiikatishe ghafla kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu unaitumia. Wala usiichanganye na pombe au vidonge vya usingizi ili ulale. Vyote vinapunguza pumzi, na vikikutana mtu anaweza kuacha kupumua usingizini.

Maskani muihame kweli. Askari wa Marekani waliokuwa na uraibu wa heroini kule Vietnam walifuatiliwa na mtafiti Lee Robins baada ya kurudi kwao 1971, na wengi hawakurudia uraibu, tofauti kabisa na ilivyotarajiwa. Walikuwa wameacha nyuma mitaa, watu na harufu zilizokuwa zikiuamsha ubongo. Ninyi hamwezi kuhamia ng'ambo, nalijua hilo, lakini njia ya kwenda kliniki mnaweza kuibadilisha isipite uchochoro uleule.

Na ukianguka, usirudie kipimo cha zamani. Mwili uliopumzika wiki chache, iwe soba, hospitali au gerezani, haukihimili tena, na wengi tuliowazika walikufa kwa kete waliyokuwa wameizoea. Usitumie peke yako umejifungia. Mwenzako akizimia, anakoroma, midomo imebadilika rangi, msimmwagie maji wala kumnywesha maziwa. Mlazeni ubavu, akiacha kupumua mpulizieni pumzi mdomoni, mumkimbize hospitali mseme wazi ametumia heroini, kwa sababu ipo sindano ya naloksoni inayoweza kumrudisha. Msimkimbie kwa kuogopa polisi. Kesho yake, wewe uliyeanguka, urudi dirishani kama kawaida na umwambie muuguzi ukweli kabla hajakupimia dawa.

Bibi yenu,
Temeke