Mzamiaji akiumia usiku, nani atamfungulia mlango?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi tunaozama baharini kwa mitungi ya hewa hulikumbuka maji yakiwa yamekwisha kutufika shingoni, nalo ni mahali pa kumpeleka mwenzetu anapopatwa na ugonjwa wa viputo vya gesi mwilini baada ya kuibuka. Wengi hudhani kwamba kujua kilipo chumba cha shinikizo, yaani chumba kinachofungwa na kuongezwa shinikizo la hewa ili kumtibu mgonjwa aliyemo, kunatosha. Mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa miaka mingi, na imani hiyo ilimgharimu rafiki yangu.

Ilikuwa jioni, yapata nusu saa tangu tupande botini. Rafiki yangu alikuwa anavaa shati, nami nikamwona akihangaika na kifungo cha pili, kidole gumba kikiteleza juu yake kila anapojaribu kukipenyeza tunduni. Nilipomuuliza alinijibu kwamba mkono umekufa ganzi tu, utaamka. Tulipofika gatini alitaka kushuka, mguu wa kushoto ukakataa kumbeba. Tulikuwa tunajua kwamba kuna hospitali yenye chumba cha shinikizo mwendo wa zaidi ya saa moja kutoka pale, basi tukampakia garini, tukaipita hospitali iliyokuwa karibu bila hata kupunguza mwendo, tukaenda moja kwa moja. Tulichokikuta ni mlinzi na mlango uliofungwa. Chumba kile kilihudumia wagonjwa wa vidonda sugu, mchana, kwa miadi. Hakuna aliyetudanganya, sisi ndio hatukuwa tumeuliza. Alipata tiba kwingine siku ya pili yake, na leo anatembea, lakini unyayo wake wa kushoto hautambui kama sakafu ni ya baridi au ya moto.

Kwa msomaji asiyezamia, nieleze kidogo. Kadiri mtu anavyokwenda chini, ndivyo naitrojeni iliyomo katika hewa anayoivuta inavyozidi kuyeyuka katika damu na nyama za mwili wake, na anapopanda haraka kuliko mapafu yanavyoweza kuitoa, gesi hiyo hugeuka viputo huko huko ndani. Viputo huziba mishipa midogo, hujeruhi kuta zake na kuamsha uvimbe; vikiingia katika uti wa mgongo, mtu anaweza kupooza. Mfaransa Paul Bert alieleza chanzo hicho mwaka 1878, wakati ambapo waliokuwa wakiumia zaidi ni vibarua waliochimba misingi ya madaraja ndani ya vyumba vilivyojazwa hewa yenye shinikizo chini ya mito. Iko pia ajali nyingine iliyo kali zaidi, ya mzamiaji anayebana pumzi akipanda: hewa hutanuka, hupasua mapafu, na viputo hukimbilia ubongo, hata mtu akapoteza fahamu dakika chache tu baada ya kutokeza juu ya maji.

Tiba ya yote mawili ni kumrudisha mgonjwa katika shinikizo, nchi kavu, chini ya uangalizi. Utaratibu unaotumika zaidi duniani ni Jedwali la 6 la Jeshi la Majini la Marekani: mgonjwa hupelekwa katika shinikizo sawa na lile la kina cha mita 18, yaani mara 2.8 ya shinikizo la hewa juu ya bahari, akavuta oksijeni tupu kwa vipindi vinavyokatizwa na mapumziko mafupi ya hewa ya kawaida, kisha akapandishwa taratibu. Kazi yote huchukua saa 4 na dakika 45, nayo inaweza kurefushwa au kurudiwa siku zinazofuata. Shinikizo hupunguza viputo hadi kubaki zaidi kidogo ya theluthi ya ukubwa wake, na oksijeni huivuta naitrojeni itoke huku ikizilisha nyama zilizokosa damu.

Hapo ndipo tatizo letu lilipo. Vyumba vya shinikizo vipo vingi hospitalini, lakini vingi vimejengwa kwa ajili ya vidonda vya wagonjwa wa kisukari na madhara ya mionzi, kwa vikao vya kama saa mbili hivi katika shinikizo dogo kuliko lile nililolitaja, na wahudumu wake huenda nyumbani jioni. Vingine humtosha mtu mmoja tu aliyelala, kwa hiyo muuguzi hawezi kuingia naye kumshika mgonjwa anayetapika au anayepata degedege. Mzamiaji huletwa bila miadi, mara nyingi usiku au mwisho wa juma, na humhitaji daktari, mwendesha chumba na mhudumu wa ndani kwa saa nyingi mfululizo. Naelewa kwamba kuwaweka watu hao tayari mwaka mzima kwa ajili ya wagonjwa wachache ni gharama kubwa. Lakini chumba kisichopokea wazamiaji wa dharura kinapoorodheshwa pamoja na vinavyowapokea, bila neno la kuwatofautisha, orodha hiyo inawapoteza watu njia wakati ambao kila saa ina thamani.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa tiba ya uzamiaji husisitiza kwamba mgonjwa apelekwe kwanza katika idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, na chumba kitafutwe kwa simu huku akihudumiwa. Agizo hili huwaudhi wazamiaji wengi, nami liliniudhi nilipolisikia mara ya kwanza, ila lina maana kubwa. Huenda anachougua ni moyo au kiharusi. Huenda mapafu yamevujisha hewa kifuani, na mtu wa namna hiyo akiingizwa chumbani kabla hewa hiyo haijatolewa, anaweza kufia humo shinikizo linapoanza kupunguzwa. Zaidi ya hayo, daktari akipiga simu kwa daktari mwenzake, mlango hufunguka upesi kuliko sisi tulio na suruali zinazochuruzika maji tukibishana na mlinzi. Shirika la Divers Alert Network, lililoanzishwa mwaka 1980 katika Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, lina simu ya dharura inayopokelewa usiku na mchana, na wanaoipokea huwashauri madaktari wasioujua ugonjwa huu na kuwasaidia kutafuta chumba kinachoweza kumpokea mgonjwa kwa wakati ule.

Daktari naye akumbushwe asimpe mzamiaji gesi ya naitrasi oksaidi kumtuliza maumivu, kwa kuwa huingia katika viputo na kuvikuza. Mgonjwa akisafirishwa kwa helikopta, irushwe chini, ikiwezekana isizidi mita 300, au itumike ndege inayoweza kudumisha ndani yake shinikizo la usawa wa bahari. Na asije mtu akamshauri arudi majini ajitibu kwa kuzama tena: atakuwa ameishiwa nguvu, amepoa mwili, hewa ya mtungini ni ya muda mfupi, na akizidiwa huko chini atakufa maji.

Wakati wa kusubiri, dawa ni oksijeni tupu, kwa barakoa inayobana vizuri, tangu dalili ya kwanza, wala isikatishwe kwa sababu mgonjwa amesema anajisikia nafuu. Hapa naomba wenye boti wapige hesabu. Mtungi wenye lita 600 za oksijeni, ukifunguliwa kwa lita 15 kwa dakika, huisha baada ya dakika 40. Kama safari kutoka pale mnapozamia hadi hospitali ni saa mbili, mtungi huo ni pambo. Sisi tulikuwa na mmoja wa namna hiyo, na uliisha tukiwa bado barabarani.

Ninayoyaomba si makubwa. Hospitali zenye vyumba vya shinikizo zitangaze wazi kama zinapokea wazamiaji wa dharura, kwa saa zipi na hadi shinikizo gani, na zikiacha huduma hiyo zitangaze vilevile siku hiyohiyo. Wakufunzi wawafundishe wanafunzi wao kutaja dalili bila aibu, maana mchelewaji mkubwa kupita wote ni mgonjwa mwenyewe, anayesema amechoka, amelalia bega vibaya, amebeba mtungi mzito. Ilhali dalili nyingi hujitokeza ndani ya saa sita za mwanzo na zinaweza kuwa hizo hizo za uchovu, ganzi, maumivu ya kiwiko au haja ndogo iliyogoma kutoka. Nawe Mhariri, kila gazeti lako linaposifu uzuri wa mahali pa kuzamia, waandishi wako waulize mahali hapo pana oksijeni ya muda gani na majeruhi wake hupelekwa wapi, kisha waandike jibu watakalopewa hata kama ni la kusikitisha.

Rafiki yangu amerejea botini, ingawa hazamii tena. Yeye ndiye mtunza sanduku la oksijeni, na ndani ya kifuniko chake ameandika nambari za simu kwa wino usiofutika. Asubuhi ya kila safari, kabla injini haijawashwa, huzipiga zote na kuuliza kama mzamiaji akiletwa usiku wa leo atapokelewa. Siku akijibiwa hapana, huita nahodha pembeni, na safari hubadilishwa.

Mzamiaji na msomaji wako