Miwani ya kuonea mbali si kinga ya kisukari

Mhariri,

Mgonjwa wa sukari anayevaa miwani ya kuonea mbali akichakura mtandaoni atakutana na habari ya kumfurahisha: kwamba jicho refu, ambalo mara nyingi ndilo linalohitaji miwani hiyo, haliharibiwi sana na kisukari. Habari hiyo si uzushi. Ila akiishia hapo, akaona hana haja ya kupimwa, itamponza.

Jicho la mtu mzima, kutoka konea, kile kioo angavu cha mbele, hadi retina, utando wa nyuma unaopokea picha, lina urefu wa takriban milimita 24. Likirefuka kwa milimita moja tu, huhitaji miwani ya kuonea mbali, yenye nambari hasi ya 2.5 hadi 3 hivi kwa dayopta, kipimo cha nguvu ya lenzi. Tafiti kadhaa, zikiwemo za Singapore, zimeona kwamba kadiri jicho lilivyo refu ndivyo madhara ya kisukari kwenye retina yanavyopungua. Sababu bado zinajadiliwa. Zinazotajwa zaidi ni kwamba retina iliyovutika huwa nyembamba na hupitisha damu kidogo, basi mishipa yake haisukumwi kwa nguvu hadi ivuje. Tena ule ute mzito unaojaza jicho hubanduka mapema kutoka kwenye retina, na mishipa mipya inayooteshwa na kisukari ikakosa pa kutambaa.

Lakini nambari ya miwani si rula ya jicho. Konea iliyobinuka sana huleta nambari hasi hata kama jicho lina milimita 23. Mtoto wa jicho anayeanzia kwenye kiini cha lenzi huleta hasi pia. Ndiyo maana mzee wa miaka 65 huweza kuanza kusoma gazeti bila miwani, akashukuru kwamba macho yamerudi ujanani, kumbe ni lenzi inayoharibika. Sukari yenyewe ikipanda, lenzi hubadilika na nambari huyumba ndani ya siku chache. Anayekimbilia duka la miwani wakati huo ametupa pesa, kwani sukari ikishuka miwani ile haimfai tena. Asubiri sukari itulie kwa wiki nne hadi sita ndipo apimwe. Nafuu inayozungumzwa na watafiti imefungamana na urefu wa jicho, na urefu haujulikani mpaka upimwe.

Hupimwa kwa mashine ya mwanga isiyogusa jicho, au kwa mawimbi ya sauti. Hii ya pili ndiyo yenye mitego. Mpimaji akikandamiza konea, jicho husomeka fupi kwa milimita 0.1 hadi 0.3. Ni kidogo kwa kutazama, ila 0.3 ni robo tatu ya dayopta au zaidi ya makosa kwenye lenzi ya bandia atakayowekewa mgonjwa wa mtoto wa jicho. Kwa mwenye kisukari kuna la ziada: sauti hurudi kutoka uso wa mbele wa retina, ilhali mwanga husoma hadi tabaka lililo nyuma yake. Retina ikiwa imevimba pale katikati, kipimo cha sauti hupunguza urefu kwa kadiri ya uvimbe huo. Panapowezekana, uvimbe utafutwe na kutibiwa kwanza, upasuaji ufuate.

Jicho refu nalo lina balaa zake, hasa retina kubanduka na ile presha ya jicho inayoua mshipa wa kuonea kimyakimya. Na nafuu yake haifuti miaka ya sukari iliyopanda. Utafiti wa DCCT, uliofanyika Marekani na Kanada kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza na kutangazwa mwaka 1993, ulionyesha kwamba kudhibiti sukari kwa makini kulipunguza kwa asilimia 76 hatari ya retina kuanza kuharibika.

Kwa hiyo, miwani iwe ya nambari gani, retina ikaguliwe kila mwaka: aina ya pili tangu siku ugonjwa unapogunduliwa, aina ya kwanza ndani ya miaka mitano. Mama aliyekuwa na kisukari kabla ya kushika mimba akaguliwe katika miezi mitatu ya mwanzo. Kusoma herufi ukutani hakutoshi, maana retina huweza kuvuja damu pembeni na mtu bado akasoma mstari wa mwisho.

Matone ya kupanua mboni, yanayotiwa kabla ya ukaguzi huo, huchukua dakika 20 hadi 30 kufanya kazi, kisha ukungu hukaa saa kadhaa. Mgonjwa aje na miwani ya jua na mtu wa kumshika mkono. Anayerudi Likoni asishuke mteremko wa feri peke yake, wala asiendeshe pikipiki siku hiyo. Wenye macho mafupi, wale wa miwani ya nambari chanya, wana tahadhari yao: jicho likiwa jekundu na kuuma sana usiku huo, pamoja na kichwa na kutapika, warudi hospitali saa ileile, kwa sababu huenda njia ya maji ya jicho imeziba.

Ombi langu ni kwa wenye maduka ya miwani mjini. Mteja ambaye nambari yake imeruka zaidi ya dayopta moja ndani ya miezi michache aulizwe kama amepima sukari, kabla hajaonyeshwa fremu.

Mtaalamu wa macho,
Mombasa